Umetia mkaa shambani, mimea ikagoma: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Mkaa haulishi mmea. Nalisema mapema kwa sababu nusu ya malalamiko ninayosikia yangeisha hapo. Kipande cha mkaa ni ghala lenye vyumba vidogo visivyohesabika, na mizizi au kuvu watakaofika humo watakula kile ulichokiweka wewe. Ukilifukia ghala tupu kando ya mche wenye njaa, ghala hujijaza kwanza na mche husubiri.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nimetia mkaa, mazao yameharibika", namuuliza maswali machache kabla ya kwenda kuangalia. Jani lililoanza kubadilika ni la chini au la juu? Ilikuwa siku ngapi baada ya kuota? Mkaa ulitokana na nini, na ulilowekwa kwenye nini kabla ya kuingia udongoni? Swali la jani pekee hutenga matatizo mawili makubwa, nami nitaanza na hayo.

Majani ya chini yanageuka manjano, mmea umedumaa

Dalili hii hujitokeza kati ya wiki ya pili na ya nne. Jani kuukuu hupauka kwanza, na kwenye mahindi umanjano huanzia ncha ya jani ukashuka katikati kwa umbo la V. Majani ya juu hubaki na rangi yake kwa muda. Hiyo ni njaa ya naitrojeni: mmea unaondoa naitrojeni kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi.

Mkaa umeingiaje hapo? Kwa njia mbili kwa pamoja. Mkaa mbichi, yaani uliotoka tanuruni bila kupitia kitu kingine, hubaki na masalia yanayooza kwa urahisi. Vijidudu vya udongo huyavamia, na ili waongezeke huhitaji naitrojeni, basi wanaichukua ile iliyokuwa karibu na mizizi. Vilevile kuta za mkaa zenyewe hukamata amonia, ambayo ni naitrojeni ya mmea katika umbo jingine, na kuishikilia.

Mara yangu ya kwanza nilitwanga mkaa, nikaumwaga mkavu kwenye tuta moja la mahindi, na tuta la pembeni nikaliacha kama lilivyo. Baada ya wiki tatu mpaka wa matuta hayo ungeuona ukiwa umesimama mbali: huku kijani cha chupa, huku rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Niliamini nimeuua udongo. Msimu uliofuata, bila kuongeza mkaa wala kuutoa, matuta yote mawili yalikuwa sawa. Ghala lilikuwa limeshiba.

Kama mimea iko shambani tayari, usifukue chochote. Ipe naitrojeni inayofika haraka: maji ya samadi iliyoiva, mbolea ya kukuzia kwa kiasi cha kawaida, au mkojo uliochanganywa na maji, sehemu moja kwa kumi, ukimwagwa udongoni karibu na shina. Mkojo usiguse majani yanayoliwa mabichi. Jani lililokwisha kuwa manjano halitarudi. Angalia majani mapya.

Kwa msimu ujao, mkaa ushibishwe kwanza. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuuchanganya na mboji tangu lundo linapoanza kujengwa, mkaa ukiwa sehemu moja katika kila kumi au mbili katika kumi, na kuuacha humo mpaka mboji iive. Joto la lundo, unyevu na wadudu wake hufanya kazi ambayo wewe ungeifanya kwa jasho. Asiye na muda achanganye sehemu moja ya mkaa na mbili au tatu za samadi iliyoiva, alowanishe, afunike, asubiri wiki nne. Ndoo ya mkojo nayo inafaa: tumbukiza mkaa uzame, funika kwa wiki mbili, kisha uchuje. Mbolea ya kiwandani iliyoyeyushwa huujaza mkaa pia, lakini hailetei mkaa wakazi wowote.

Majani machanga ni manjano, mishipa imebaki kijani

Ukiona jani la juu kabisa limepauka huku mishipa ikichoreka kijani kama ramani ya mito, usimwage naitrojeni. Chuma au manganizi havifiki kwenye jani. Madini haya hayahami kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya, ndiyo maana mapya huumia kwanza.

Sababu ya kawaida ni kwamba udongo umekuwa wa alikali kupita kiasi. Mkaa mwingi una pH (kipimo cha tindikali na alikali, 7 ikiwa katikati) kati ya 7 na 10, na ukiwa na majivu mengi hukaribia upande wa juu. Mazao mengi hustawi kwenye pH ya 6 hadi 7. Ikivuka 7.5, chuma, manganizi na zinki hubaki udongoni lakini mizizi haiwezi kuvichukua. Mkaa kwenye udongo wa tindikali ni neema, kwani hufanya kazi kama chokaa ya taratibu. Kwenye udongo ambao tayari ni wa alikali unaongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kukolea.

Kipimo cha haraka: dondosha siki juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu, una kaboneti na hauhitaji kupandishwa pH hata kidogo. Kuupima mkaa, changanya kijiko kimoja cha unga wake na vijiko kumi vya maji safi, acha nusu saa, kisha chovya karatasi ya kupimia pH.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu mwenye bidii kupindukia: katia mkaa, katia majivu, katia na chokaa, vyote msimu mmoja, kwa kuwa kila kimoja kilisifiwa peke yake. Chagua kimoja. Kama mkaa wako una majivu mengi, umwagie maji, yaache yapite, rudia mara mbili tatu. Sehemu kubwa ya majivu na chumvi itaondoka. Kwa mimea iliyokwisha kuathirika, dawa ya majani yenye chuma itasaidia kwa muda, na mboji itaushusha ukali wa udongo polepole. Salfa hushusha pH, ila huchukua miezi.

Tahadhari moja: shamba lililotuama maji huleta dalili hizihizi bila mkaa kuhusika. Chimba kwanza uone kama chini kumelowa chepechepe.

Mbegu hazioti, au miche inaungua kingo za majani

Hapa mkaa wenyewe ndio mshukiwa. Kuna mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni mkaa usioiva. Ukiupondaponda kwa vidole kisha ukanawa kwa maji matupu, mkaa ulioiva huondoka. Ukiacha utelezi wa kahawia unaodai sabuni, una lami. Ulioiva hulia ukigonganisha vipande viwili, sauti kama ya vigae. Usioiva hutoa kishindo cha mti. Harufu ya moshi mzito nayo ni ushahidi. Mkaa wa namna hiyo urudishwe motoni, au uozeshwe kwenye mboji kwa miezi kadhaa kabla haujakaribia mbegu.

La pili ni chumvi. Mkaa wa samadi ya kuku, au wa miti iliyolowa maji ya bahari, huwa na chumvi nyingi, na miche huungua kuanzia ncha na kingo za majani. Dawa ni kuuosha kama nilivyoeleza.

La tatu ndilo la kutisha: ulichokichoma kilikuwa nini? Mbao zilizopakwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi; mbao zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa huweza kuwa na arseniki, kromiamu na shaba. Moto hauondoi metali, unazikusanya. Mkaa wa vipande vilivyoshindiliwa kiwandani kwa ajili ya kuchomea nyama nao uachwe, maana baadhi huongezewa vitu vya kusaidia kuwaka au kuufunga unga. Kwa mkaa kama huo hakuna kuosha wala kuozesha. Usiutie shambani.

Mkaa wowote usioujua ufanyie jaribio kabla ya kuumwaga eka nzima. Chukua vikopo viwili, kimoja udongo mtupu, kingine udongo ule ule wenye sehemu moja ya kumi ya mkaa, panda maharage kumi kila kimoja, mwagilia sawa. Ndani ya siku kumi unajua. Unaweza pia kumwaga udongo wenye mkaa upande mmoja wa beseni na usio na mkaa upande wa pili, ukaweka nyungunyungu katikati na kufunika. Baada ya siku mbili, kama wote wamehamia upande mmoja, wamekujibu.

Maji yanakataa kuingia, mkaa unaelea

Mkaa mkavu, hasa uliochomwa kwa moto mdogo, husukuma maji badala ya kuyanywa. Mvua ya kwanza inaubeba hadi mwisho wa mfereji, na upepo unachukua unga uliobaki. Ulowanishe siku moja au mbili kabla, uchanganye na udongo kwenye kina cha sentimeta 10 hadi 15, halafu weka matandazo juu. Kuutwanga pia ufanye ukiwa na unyevu, na ufunge kitambaa puani. Vumbi lake likiingia mapafuni si mchezo.

Ukubwa wa vipande? Kati ya punje ya mchele na punje ya hindi panatosha. Unga mtupu huziba udongo wa mfinyanzi, na bonge la ukubwa wa ngumi huchukua miaka kabla mizizi haijalitumia.

"Nimetia mkaa, mbona kuvu hawaonekani?"

Swali hili lina makosa mawili ndani yake. Kuvu wanaoongelewa, wale wa mizizi waitwao maikoraiza, hawaonekani kwa macho kwenye mazao mengi ya chakula. Na mkaa hauwaleti. Unawapa pa kukaa tu, kama wapo.

Nieleze kidogo wanavyoishi, maana utatuzi wote unatoka hapo. Maikoraiza huingia ndani ya mzizi, hutoa nyuzi nje, na nyuzi hizo hufika mahali ambapo mzizi haufiki. Huleta fosforasi, zinki na maji kidogo. Mmea hulipa kwa sukari, wakati mwingine hadi takribani asilimia 20 ya kaboni yote inayotengenezwa na majani. Ushirika huu ni wa kale kupita kiasi: umekutwa ndani ya mimea iliyogeuka mawe huko Rhynie, Uskoti, yenye umri wa takribani miaka milioni 400. Uzi mmoja una unene wa maikromita 2 hadi 10, wakati unywele wa kichwa chako una kama 70. Ndiyo maana matundu ya mkaa huwafaa: uzi hupita, lakini wadudu wakubwa wanaoula hubaki mlangoni.

Sasa tuwatafute waliko, au kilichowaondoa.

*Zao lako halina urafiki nao.* Kabichi, sukuma wiki, haradali na jamii yao yote hawashirikiani na maikoraiza. Mchicha, spinachi na viazisukari vyekundu (bitiruti) hali ni ileile, au ushirika ni hafifu sana. Mtu anaweza kununua unga wa kuvu, akautia pamoja na mkaa kwenye kabichi, akasubiri hadi nywele ziote mvi. Mahindi, mtama, maharage, vitunguu, mihogo, nyanya, migomba na michungwa ndio wenyeji wao. Misonobari ina kuvu wa aina nyingine, wale wanaouvika mzizi kama soksi na kutoa uyoga juu ya ardhi. Mtafiti wa Kijapani Makoto Ogawa alifanya kazi kwa miaka mingi kuhusu mkaa na kuvu hao katika kufufua misonobari iliyodhoofika. Usichukue matokeo ya msonobari ukayatarajia kwenye nyanya.

*Fosforasi imezidi.* Mmea uliojaa fosforasi hauoni sababu ya kulipa sukari kwa mbebaji. Ukitia mbolea ya kupandia ya fosforasi kila msimu kwa mazoea, kuvu hukonda. Pima udongo, kama imejaa, pumzisha. Hata samadi ya kuku ikimwagwa kwa wingi mwaka baada ya mwaka huleta hali hiyo.

*Ardhi ilikaa uchi.* Kuvu hawa hawawezi kujilisha bila mzizi ulio hai. Shamba likikaa muda mrefu bila jani, au likitoka kwenye kabichi moja kwa moja, idadi yao hushuka. Zao linalofuata hutoa dalili: miche ya mahindi hugeuka zambarau kwenye kingo, ishara ya uhaba wa fosforasi, hata kama kipimo cha udongo kinaonyesha ipo. Mbebaji hayupo. Tiba ni kuweka zao la kufunika ardhi kati ya misimu, kunde au nafaka yoyote, na kutofuatanisha kabichi na mahindi bila kitu katikati.

*Jembe linapita mno.* Kila unapogeuza udongo unakata nyuzi. Tia mkaa mara moja wakati wa kulima, kisha palilia juujuu. Kwa miti na mazao ya kudumu chimba mashimo machache pembezoni mwa mizizi, ujaze mkaa ulioshiba.

*Dawa za kuua kuvu.* Baadhi ya zile za kupaka mbegu au kumwagia udongo haziwatofautishi adui na rafiki. Kama ugonjwa unaudhibiti kwa njia nyingine, mbegu za kwenye mkaa ziache bila kupaka.

Kuwaleta wageni ni rahisi kuliko wauzaji wanavyodai. Chukua konzi ya udongo wenye mizizi kutoka mahali pasipolimwa penye nyasi na mikunde yenye afya, weka chini ya mbegu pamoja na mkaa. Usichukue penye mimea ya jamii moja na zao lako, maana utabeba na magonjwa yake.

Na kama huwezi kulala bila kuwaona, inabidi mizizi myembamba ichemshwe kwenye maji ya alikali kali hadi ipauke, ioshwe, kisha itiwe rangi ya wino wa kalamu uliochanganywa na siki. Chini ya hadubini nyuzi hujichora nyeusi au bluu ndani ya mzizi. Kazi ya kuchemsha iachie maabara.

Dalili ndogo zisizohitaji kukesha

Pamba nyeupe juu ya vipande vya mkaa, au uyoga mdogo kwenye tuta, ni kuvu wa kuozesha. Wanakula mboji na mabaki ya mti ambao haukuungua sawasawa. Hawadhuru, na si wale wa mizizi.

Dawa ya magugu ya kumwaga kabla ya kuota haishiki tena? Mkaa umeinywa. Tabia hiyohiyo inayoufanya uhifadhi virutubisho huufanya ushikilie dawa. Kuongeza kipimo ni kosa. Panga kupalilia kwa mkono au kwa matandazo.

Gunia la mkaa likitoa joto saa kadhaa baada ya kuzimwa, ondoka nalo ghalani. Kipande kimoja chenye kaa moyoni kinaweza kuwasha lote. Mwagia maji, utandaze, uguse kwa mgongo wa mkono kesho yake.

Hakuna kilichobadilika

Huenda ni kweli, na si kosa lako. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliojumlisha majaribio mengi ya duniani, ulikuta mavuno yakipanda kwa wastani wa asilimia 25 katika ukanda wa tropiki, ilhali kwenye nchi za baridi wastani haukupanda. Udongo wa tropiki mara nyingi una tindikali na umechujwa virutubisho na mvua, kwa hiyo mkaa hukuta pengo la kuziba. Udongo wenye rutuba tele hauna pengo. Mchanga hufaidika zaidi na unyevu unaoshikwa na mkaa kuliko mfinyanzi.

Wapo wanaotaja udongo mweusi wa Amazoni kama uthibitisho kwamba mkaa unatosha. Wenyeji wa huko waliutengeneza kwa karne nyingi kabla Wazungu hawajafika, lakini ukiuchimbua unakuta pia mifupa, vigae vya vyungu na taka za jikoni. Mkaa ulikuwa na wenzake.

Angalia pia kiasi. Kilo moja hadi mbili kwa mita ya mraba ndicho kipimo cha kuanzia. Ukiwa na kidogo, usiutawanye shamba zima ukapotea. Weka konzi moja au mbili za mkaa ulioshiba katika kila shimo la kupandia. Kwenye vyungu, sehemu moja ya kumi.

Halafu acha mstari mmoja bila mkaa, udongo uleule, mbolea ileile, siku ileile ya kupanda, uwekee kijiti cha alama. Bila mstari huo utakuwa unalinganisha na kumbukumbu ya mvua ya mwaka jana. Wakati wa kuvuna pima yote miwili kwa mizani, kisha ng'oa shina moja upande wa mkaa, suuza mizizi ndani ya ndoo taratibu. Tafuta kipande cha mkaa kilichong'ang'ania. Kivunje kwa kucha. Kama mizizi myembamba imepenya hadi katikati, na ndani kuna unyevu wakati udongo wa nje umekauka, mkaa wako umeanza kazi, hata kama mizani bado haijasema kitu.